Utungo Mmoja, Si Dhana

Nimeikuta tena "albamu ya dhana", tafsiri ya concept album, yaani albamu ambayo nyimbo zake zimefungwa na wazo moja, katika orodha ya istilahi za muziki, kazi ya kamati ambayo sitaitaja. Safari hii sinyamazi.

Dhana imetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ni kukisia. Ndiyo maana husema "nadhani" asiye na hakika, na mwenye kijicho humdhania mwenzake ubaya. Wasomi wameitwika dhana mzigo wa wazo la kitaaluma, na darasani inaubeba. Kwenye santuri unaiangusha.

Chukueni albamu ya mwimbaji Fabrizio De André, mwana wa Genova, ya mwaka 1971: Non al denaro non all'amore né al cielo. Nyimbo zake 9 zimechotwa katika mashairi ya Mmarekani Edgar Lee Masters, Spoon River Anthology (1915), ambamo wafu wa mji mdogo husema kutoka makaburini. Fernanda Pivano aliyatia katika Kiitalia mwaka 1943. Upande wa kwanza husuda ndiyo inayotawala: yumo hakimu aliyedhihakiwa kwa ufupi wake, akaja kulipiza kisasi kwa hukumu. Upande wa pili ni sayansi: daktari aliyetibu maskini bure, njaa ikamfikisha kwenye kuuza dawa ya uongo, akafungwa. Anafunga Jones, mpiga filimbi (Masters alimpa fidla), aliyekufa bila kitu na bila juto hata moja. Ni huzuni moja tangu kilimani pa makaburi hadi filimbi iliyovunjika. Kuna kukisia gani hapo?

Wapo pia wanaopigania "albamu simulizi". Hao hawakusikiliza: wafu wale hawana kisa kimoja, kila mmoja ana chake.

Kiswahili kina kutunga. Tunatunga shairi, tunatunga shanga katika uzi, tunatunga uzi katika sindano. Jipu hutunga usaha, na mimba hutungwa tumboni. Sasa tazameni Kilatini: concipere, kitenzi kilichozaa neno la Wazungu concept, maana yake ni kushika pamoja, na pia kushika mimba. Lugha mbili zisizo na undugu zimekutana katika tumbo la mama, na kamati ikapita hapo bila kugeuza shingo! Mimi nasema albamu ya utungo mmoja. Utungo ni shairi, na ndani yake uzi wa shanga unaonekana: ukate wimbo wa hakimu, shanga zote zinamwagika.

Pendekezo hili nililipeleka kwa maandishi, kurasa nne, pamoja na mifano. Sikujibiwa hata kwa mstari mmoja, na orodha ikachapishwa na dhana yao.

Wingi ni albamu za utungo mmoja. Redioni "utungo mmoja" inatosha.

Wahariri wa kurasa za muziki, msiingoje kamati. Liandikeni jina hili katika toleo lijalo.