Fungu la Maskini Katika Keki ya Sikukuu

Siku ya Noeli hapa Lugarawa, watu wakitoka kwenye Misa, kila nyumba hutafuta kitu kitamu. Maandazi yameshakaangwa, chai hutiwa sukari kuliko siku nyingine, na watoto hugawiwa pipi. Desturi hii si yetu peke yetu. Popote Ukristo ulipoota mizizi, waumini wameweka utamu mezani ili mwili nao ushiriki furaha ya roho. Lakini utamu huo una historia yake, na sura moja ya historia hiyo inatugusa sisi watu wa kusini mwa Tanzania.

Tuanzie Ufaransa, nchi ambayo kila jimbo lina vitamu vyake. Katika jimbo la Provence, usiku wa Noeli huandaliwa vitamu 13: zabibu kavu, tini, lozi, mkate wa mafuta ya zeituni na vinginevyo. Hesabu hiyo ni ya Yesu na Mitume wake 12. Kwenye sikukuu ya Epifania huliwa keki ya Wafalme, ambayo ndani yake hufichwa punje ya haragwe. Atakayeikuta katika kipande chake huvishwa taji. Kwa desturi ya zamani, keki ilikatwa vipande vinavyozidi idadi ya walaji kwa kimoja. Kile cha ziada kiliitwa fungu la maskini, kikatunzwa kwa ajili ya mhitaji atakayebisha hodi.

Ni desturi nzuri. Lakini sukari ya keki ilitoka wapi? Mji wa Nantes una keki yake maarufu, ya lozi, siagi, sukari na ramu, yaani pombe kali ya miwa. Miwa haikulimwa Nantes. Sukari na ramu zililetwa na meli kutoka visiwa vya Karibi, ambako Waafrika walilima chini ya mijeledi. Nantes ndiyo bandari iliyoongoza Ufaransa katika biashara ya watumwa. Mwaka 2012 mji huo ulifungua mnara wa kumbukumbu kando ya mto, kukiri jambo hilo hadharani.

Biashara hiyo ilifika pia upande wetu. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Walipelekwa kwenye visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, Mauritius na Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion. Na Kilwa iliunganishwa kwa njia za misafara na nchi za Ziwa Nyasa, ziwa ambalo wilaya yetu ya Ludewa inapakana nalo.

Hapa ndipo Mkristo anapaswa kusimama na kutafakari. Sheria ya mfalme ya mwaka 1723 iliagiza watumwa wa Bourbon wafundishwe dini na kubatizwa. Sheria hiyohiyo iliwahesabu kuwa mali, sawa na vyombo vya nyumbani. Mtu aliitwa mwana wa Mungu kanisani, kisha akauzwa sokoni.

Katika kisiwa hicho, mwaka 1841, mtumwa mwenye umri wa miaka 12 aitwaye Edmond aligundua namna ya kuchavusha ua la vanila kwa kijiti chembamba na kidole gumba. Kabla ya hapo mmea huo, uliotoka Mexico, ulichanua kisiwani bila kuzaa matunda ya maana. Njia yake ilienea duniani, na vanila ikawa harufu ya keki na krimu za Ufaransa yote. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1848, zaidi ya watu 60,000 waliachwa huru Réunion. Edmond akapewa jina la ukoo, Albius. Alikufa mwaka 1880 akiwa maskini.

Na ni kutoka kisiwa hicho cha miwa ambako mapadre na masista Wafaransa walikuja Zanzibar mwaka 1860. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo, wakapokea waliokombolewa utumwani. Neema ilipita njia ileile iliyokuwa imepitisha dhambi. Miaka ya baadaye imani ilifika milima yetu ya Upangwa kwa mikono ya Wabenediktini wa Peramiho, lakini mbegu ya kwanza ya Kanisa Katoliki katika pwani yetu wakati ule ilipandwa na wale waliotoka Réunion.

Basi fungu la maskini lilikuwa la nani? Familia iliyotenga kipande hicho ilifanya jambo jema. Lakini maskini aliyekata miwa hakuweza kubisha hodi kwenye mlango ule, na alichodai hakikuwa kipande cha keki. Alidai uhuru na ujira wake. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri kwamba ujira wa wavunaji waliodhulumiwa humlilia Mungu. Sisi tunaelewa onyo hilo, maana babu zetu wengi waliondoka Upangwa na Ubena kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga.

Leo nasi tuna vibarua mashambani na wasichana wa kazi majumbani. Noeli ijayo, kabla ya kuwatengea andazi, tuhakikishe kwanza kwamba mshahara wao wa Desemba umelipwa.