Swali la "Mwandishi Alikusudia Nini?"

Mwaka 1917 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alichunguza makosa ya watoto waliopewa aya fupi na maswali. Aliona kwamba kusoma aya ni kufikiri, sawa na kukokotoa hesabu: msomaji huyapima maneno, akajua lipi lina uzito na lipi ni la kupita.

Tarehe 23 Juni 1926 SAT, mtihani wa kuingia vyuo vikuu vya Marekani, ulifanyika kwa mara ya kwanza: maswali 315 kwa dakika 97, mbio tupu! Usomaji wa aya ulikuwamo. Mwaka 2016 sehemu ya kusoma ilikuwa na vifungu 5, na 2 kati yake vilikuwa vya sayansi.

Katika vifungu hivyo vya sayansi, wengi huteleza kwenye swali la lengo la mwandishi. Chukua kifungu kinachosema: wataalamu waliamini siafu huongozwa na harufu tu, lakini jaribio jipya limeonyesha vingine. Jibu moja linasema lengo ni "kueleza harufu ya siafu." Harufu imetajwa kweli, ila si lengo. Lengo limejificha nyuma ya neno "lakini": kurekebisha dhana ya zamani. Mtego huu ni wa haki, maana mwenye kukariri istilahi hauoni.

Waliofanya mtihani wa darasa la saba Tanzania wanamjua ndugu wa swali hili: swali la kichwa cha habari kinachofaa.

Tangu 2024 nchini Marekani, SAT ya kompyuta ina vifungu vya maneno 25 hadi 150, kila kimoja na swali lake.