Mlango wa Miaka Miwili

Saa sita na nusu usiku, tarehe 23 Julai 1999, chombo cha anga Columbia kiliruka kutoka Florida kikiwa kimebeba darubini ya Chandra. Aliyekiongoza alikuwa Eileen Collins, mwanamke wa kwanza kuwa kamanda wa safari kama hiyo nchini Marekani. Cheti chake cha kwanza cha elimu ya juu hakikutoka katika chuo chenye jina kubwa. Alikipata mwaka 1976 katika Chuo cha Jamii cha Corning, jimbo la New York, karibu na mji aliozaliwa wa Elmira. Ilikuwa shahada ya miaka miwili ya hesabu na sayansi.

Shahada ya aina hiyo inaweza kumshangaza msomaji wa kwetu. Tanzania, kijana akivuka kidato cha nne hupangiwa tahasusi: huyu HGL (historia, jiografia na Kiingereza), yule PCM (fizikia, kemia na hesabu), na tangu siku hiyo mmoja ni mtu wa sanaa na mwingine ni mtu wa sayansi. Katika shahada ya Marekani ya miaka miwili, ile ya elimu huria, kijana yule yule husoma kalkulasi asubuhi, akaingia maabara ya kemia mchana, na jioni akaandika insha ya historia. Hesabu haikukaribishwa humo kama mgeni. Imekuwa ya nyumbani tangu zamani sana.

Elimu huria kwa maana yake ya kale ni elimu iliyomfaa mtu huru, asiye mtumwa. Katika karne ya 5, Martianus Capella, mwandishi wa Carthage katika pwani ya Tunisia ya leo, aliandika kisa cha harusi ambamo bibi harusi anatunzwa wajakazi saba, na kila mjakazi ni somo. Watatu ni wa maneno: sarufi, mantiki na ufasaha. Wanne waliobaki ni hesabu, jometri, elimu ya nyota na muziki, kwa kuwa muziki nao ulihesabiwa kuwa elimu ya uwiano wa namba. Wanne kati ya saba! Anayesema kwamba elimu huria ni kimbilio la waliokimbia hesabu hajaijua historia yake.

Na cheti cha miaka miwili kilitoka wapi? Hapa ndipo jambo linaponifurahisha zaidi, kwa sababu kilizaliwa na sayansi yenyewe. Mwaka 1871, mjini Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, kilifunguliwa chuo cha sayansi kwa ajili ya eneo lililokuwa likiishi kwa makaa ya mawe. Masomo yalikuwa manne: hesabu, fizikia, kemia na jiolojia. Chuo Kikuu cha Durham kikaanza kuwapa waliofaulu hapo daraja la mshiriki wa sayansi, chini ya shahada kamili. Neno ni lile lile tunalolitumia tukisema profesa mshiriki.

Marekani daraja hilo lilipata baba mwingine. William Rainey Harper, mtaalamu wa Kiebrania aliyemaliza chuo akiwa na miaka 14 na kupata udaktari wa falsafa Yale akiwa na 18, ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago. Aliigawa miaka minne ya shahada katikati: miwili ya chini ya elimu ya jumla, miwili ya juu ya ubobezi. Mwishoni mwa karne ya 19 chuo chake kikaanza kuwatunuku shahada ya ushiriki waliomaliza ile ya chini. Harper alitaka asiyeweza au asiyependa kuendelea aondoke na heshima yake, na chuo kikuu kibaki na nafasi ya utafiti. Mwaka 1901, kusini-magharibi mwa Chicago, mkuu wa shule ya sekondari ya Joliet, J. Stanley Brown, alianzisha masomo ya miaka hiyo miwili ya chini ndani ya shule yake. Wanafunzi walikuwa sita. Chuo cha Joliet kipo hadi leo.

Nionavyo mimi, Harper alijenga mlango wa kutokea, na watu wa kipato cha chini wakaugeuza kuwa wa kuingilia. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia karo askari waliorudi vitani. Mwaka 1947 tume ya Rais Truman ikapendekeza vyuo hivi vienezwe nchi nzima na viitwe vyuo vya jamii. Miaka kumi baadaye Wasovieti wakarusha setilaiti ya Sputnik, na Marekani ikaanza kumwaga fedha katika hesabu na sayansi. Chuo cha Bronx, mjini New York, kilianzishwa mwaka huo huo wa 1957.

Mpango wenyewe haukubadilika sana: krediti 60 hivi, nusu ya zile 120 za shahada ya kwanza, kisha mwanafunzi huhamia chuo kikuu na kuingia mwaka wa tatu. Ugumu uko kwenye aljebra. Wengi hufika wakiwa na mapengo ya sekondari, hurudishwa kwenye masomo ya kufidia yasiyohesabiwa katika shahada, na wengine huchoka kabla hawajaiona kalkulasi. Hilo ni doa, na walimu wa vyuo hivyo wamelipigania kwa miaka mingi.

Collins alivuka. Kutoka Corning alikwenda Chuo Kikuu cha Syracuse, akahitimu mwaka 1978 katika hesabu na uchumi, akawa rubani wa jeshi la anga. Darubini aliyoipeleka angani imepewa jina la Subrahmanyan Chandrasekhar, mwanafizikia wa nyota aliyezaliwa India ya wakati wa ukoloni na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago, kile kile cha Harper, tangu mwaka 1937.