Nani Aliyeijenga Shule ya Kata? Tafakari Kutoka Nyanda za Buha

Historia ya elimu ya Tanzania mara nyingi huandikwa kwa majina ya shule kongwe. Tabora, Pugu, Minaki na Ihungo ndizo tunazozitaja tunapotaka kueleza viongozi wetu walitoka wapi. Ni historia ya kweli, lakini ni historia ya wachache. Katika makala hii nataka tuitazame shule ambayo hakuna anayejivunia jina lake: shule ya sekondari ya kata. Nitaitazama kutoka nyanda za juu za Buha, katika kata kama Titye wilayani Kasulu, kwa sababu huko ndiko maana yake inakoonekana wazi zaidi.

Wakati wa ukoloni Buha haikutarajiwa kutoa wasomi. Ilitarajiwa kutoa mikono. Wajerumani na baadaye Waingereza waliigeuza kuwa ghala la vibarua wa mashamba ya mkonge, wale tuliowaita manamba. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa miongo mingi iliwachukua vijana wa Kiha kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Wachache mno ndio walioshuka Tabora kuingia shule ya serikali ambayo Waingereza waliianzisha miaka ya 1920 wakiwalenga hasa wana wa machifu. Kwa kijana wa Kasulu au Kibondo, masomo ya juu yalikuwa ugenini, kama ilivyokuwa kazi ya mshahara. Shule ilikuwa njia ya kuondoka.

Uhuru ulibadilisha mengi, lakini hili lilichelewa. Mwaka 1961 Tanganyika nzima ilikuwa na wanafunzi wa sekondari wasiofika 12,000. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliamua kutanguliza elimu ya msingi: Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, Azimio la Musoma mwaka 1974, na kampeni ya kuwaandikisha watoto wote. Ulikuwa uamuzi wa haki kwa nchi maskini, ila ulikuwa na gharama yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kati ya watoto kumi waliomaliza darasa la saba, hata mmoja hakupata nafasi ya kidato cha kwanza. Kilimanjaro na Kagera, fedha za kahawa na nguvu za makanisa ziliziba sehemu ya pengo hilo kwa shule za binafsi. Buha haikuwa na akiba ya namna hiyo. Ilisubiri.

Subira hiyo ilifika mwisho kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004. Ada ya shule za kutwa ilipunguzwa hadi shilingi 20,000 kwa mwaka, na baada ya uchaguzi wa 2005 Waziri Mkuu Edward Lowassa alisukuma agizo la kila kata kuwa na sekondari yake kwa nguvu ambayo watendaji wa kata hawajaisahau. Mwaka 2004 nchi ilikuwa na shule za sekondari 1,291. Mwaka 2009 zilikuwa 4,102. Wanafunzi waliongezeka kutoka takriban 430,000 hadi zaidi ya 1,400,000. Hakuna kipindi kingine katika historia yetu ambapo milango mingi kiasi hicho ilifunguliwa kwa muda mfupi hivyo.

Tujiulize: nani alijenga? Takwimu husema “Serikali”. Vijijini jibu ni refu zaidi. Wananchi walifyatua matofali na kuyachoma, wakasomba mawe, mchanga na maji, wakalipa mchango wa fedha kwa kila kaya. Serikali ilikuja na mabati, saruji na ruzuku pale kuta zilipokwisha kusimama. Katika nchi ya wakulima wa maharage, mahindi na mihogo, mchango huo ulitoka katika gunia ambalo lingeuzwa kununua dawa au nguo. Nao haukuwa wa hiari siku zote. Katika sehemu nyingi za nchi mgambo walipita nyumba kwa nyumba, na aliyeshindwa kulipa aliweza kupoteza kuku au mbuzi wake. Baadaye, Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, daftari la michango lilifunguliwa upya.

Kisha ikaja Februari 2013. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia yalionyesha watahiniwa 240,903 wamepata daraja sifuri, yaani takriban sita katika kila kumi. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na matokeo yakapangwa upya mwezi Mei. Lakini aibu ilikwisha kugawiwa, nayo iliwaangukia watoto na wazazi wao. Wengi walicheka “shule za kata” na walimu wa “voda fasta” waliopelekwa madarasani baada ya mafunzo ya wiki chache. Ni wachache waliotaja kwamba mtoto wa Buha huanza na Kiha nyumbani, husoma kwa Kiswahili miaka saba, kisha huamriwa kujifunza fizikia kwa Kiingereza katika shule ambayo pengine haina mwalimu wa fizikia. Mwananchi alikuwa ametimiza sehemu yake ya mkataba: kuta zilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa sehemu ya Serikali.

Hapa tunaweza kujifunza kwa wengine. Miji midogo ya Marekani nayo ilijenga sekondari zake kwa jasho la wakazi. Mwaka 1874 Mahakama Kuu ya jimbo la Michigan, katika kesi ya mji wa Kalamazoo, iliamua kwamba ni halali kuwatoza wakazi kodi ili kuendesha sekondari ya umma. Historia yao ina doa kubwa la ubaguzi wa rangi, na hatuna sababu ya kuitukuza. Hata hivyo aliyelipa alipata pia sauti: wakazi waliichagua bodi ya shule, na bodi ndiyo iliyomwajiri mwalimu. Kwetu mwananchi alilipa, kisha bodi ikateuliwa, mwalimu akapangwa kutoka mbali, na ubao wa langoni ukaandikwa “shule ya serikali”.

Tangu Januari 2016 ada imefutwa, na hilo ni jambo jema. Lakini lisitufanye tudhani kwamba shule hizi zilitolewa bure. Daftari za michango bado zimo katika makabati ya ofisi za kata, zikiliwa na mchwa, na wazee waliosimamia tanuri za matofali wanaondoka mmoja mmoja. Nawahimiza wanafunzi wangu wa historia, hasa wanaotoka Kasulu na Kibondo, wakaanzie hapo kabla ya kuja maktaba. Siku majina hayo yatakapobandikwa ukutani, mzazi wa Titye atakapouliza yuko wapi mwalimu wa hisabati, hakuna ofisa atakayeweza kumjibu kama mtu aliyekuja kuomba msaada.