Kibiongo Katika Daftari la Serikali

Lugha yetu ina neno moja, kibiongo, kwa kila mgongo uliopinda, na neno hilo hubeba ulemavu na mwenye ulemavu kwa pamoja. Halisemi mgongo umepinda kwenda upande gani, tangu lini, wala kwa sababu ipi. Mtoto aliyezaliwa na pingili zisizokamilika, binti ambaye uti wake ulianza kwenda upande akiwa na miaka 12, na mzee ambaye kifua kikuu kilimla mifupa ya mgongo, wote watatu ni vibiongo. Kijijini Chamwino au Kondoa jina hilo latosha kumtambua jirani. Katika daftari la hospitali halitoshi, na kutotosha huko kuna historia ambayo ningependa kuisimulia, ingawa udaktari wangu ni wa vitabu na si wa sindano.

Orodha ya kimataifa ya magonjwa haikuanza kwa ajili ya wagonjwa. Ilianza kwa ajili ya marehemu. Mwaka 1893, Jacques Bertillon, mtakwimu wa jiji la Paris, aliwasilisha mbele ya Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu mjini Chicago orodha ya sababu za vifo, na mataifa yakaanza kuipokea na kuirekebisha kila baada ya takriban miaka kumi. Sasa, mgongo uliopinda kwa kawaida hauui. Humnyima mtu pumzi, kazi na mara nyingi ndoa, lakini humwacha hai, na aliye hai hakuwa na nafasi katika hesabu ya namna ile. Ilibidi kusubiri mwaka 1948, Shirika la Afya Duniani lilipotoa marekebisho ya sita, ndipo orodha ikapanuliwa rasmi kuhesabu pia maradhi na majeraha yasiyoua.

Mwaka huohuo wa 1948, daktari wa mifupa wa Marekani, John Cobb, alieleza namna ya kupima mpindo wa uti kwa kuchora mistari juu ya picha ya eksirei. Kipimo hicho kingali kinatumika: mpindo wa kwenda upande ukifikia nyuzi 10, huitwa skoliosisi. Naona sadfa hii ina funzo la kisiasa. Tangu siku ile, kibiongo kimekuwa namba, na namba hiyo huhitaji mashine, umeme na mtu aliyefunzwa kuisoma. Palipokosekana vitu hivyo vitatu, mgonjwa alibaki na jina la kijijini.

Marekebisho ya kumi, yaliyopitishwa mwaka 1990, yanadai zaidi. Mgongo uliotokeza nyuma, yaani kaifosisi, uko chini ya M40. Uliokwenda upande, M41. Na ndani ya M41 kuna nafasi ya mtoto mchanga, ya kijana, na ya yule ambaye misuli au mishipa ya fahamu ndiyo chanzo. Aliyezaliwa na pingili zenye kasoro hupelekwa kwenye herufi Q. Mzee wetu wa kifua kikuu hupewa misimbo miwili: A18.0 yenye alama ya jambia kwa ugonjwa wenyewe, na M49.0 yenye nyota kwa kile ulichokifanya mgongoni. Msimbo wa nyota hauruhusiwi kusimama peke yake. Mwenye kuandika lazima ajue chanzo, na chanzo hakijulikani kama daktari hakukiandika.

Hapa ndipo Tanzania inapoingia, tena kwa heshima. Mwaka 1977 Wizara ya Afya, ikishirikiana na Karel Styblo wa Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu, ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma. Silaha yake kuu, pamoja na dawa, ilikuwa rejesta: kila mgonjwa aliandikwa wilayani, akafuatiliwa, na matokeo yake yakatolewa taarifa kila robo mwaka. Nidhamu hiyo ya karatasi, iliyokomaa katika wilaya zetu, ndiyo Shirika la Afya Duniani lililoisambaza duniani miaka ya 1990. Tumezoea kudhani kwamba sisi hupokea tu mifumo ya wengine, huu tuliutoa.

Lakini rejesta ile ilijengwa juu ya makohozi. Aliyekuwa na vimelea katika makohozi ndiye aliyeambukiza wengine, kwa hiyo ndiye aliyepewa kipaumbele, na kwa afya ya umma hoja hiyo ilikuwa sahihi. Mwenye kifua kikuu cha uti wa mgongo mara nyingi hakohoi. Aliwekwa kwenye kundi la kifua kikuu cha nje ya mapafu, pamoja na mwenye tezi za shingo. Alitibiwa, akahesabiwa kuwa amemaliza dawa, akatoka. Mpindo alioondoka nao haukuwa na safu ya kuandikwa. Hata MTUHA, iliyokuja miaka ya 1990 na vitabu vyake vya kujaza kwa mkono, ililenga malaria, kuhara, nimonia na uzazi. Kibiongo kikaangukia kwenye magonjwa mengine, na halmashauri hazipangi bajeti kwa ajili ya magonjwa mengine.

Dodoma ya leo ina Hospitali ya Benjamin Mkapa, na Dar es Salaam kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996. Picha ya eksirei si ndoto tena. Hapahapa Dodoma, mwaka 2023, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na bima haisomi simulizi, husoma msimbo. Swali langu ni kama yule tabibu wa zahanati, mwenye foleni mlangoni na kalamu moja, ataandika umri mpindo ulipoanza, upande uliko na ugonjwa uliotangulia, au ataandika mgongo tu na kumwachia karani wa hospitali ya rufaa abahatishe. Orodha imempa karani huyo mahali pa kujificha: M41.9, skoliosisi isiyobainishwa. Fomu ikiwa na msimbo huo haina pengo lolote, na binti wa miaka 12, mtoto wa kuzaliwa nao na, akikosea kidogo, hata yule mzee, wanarudi kuwa neno moja.