Gundu, laana au mkono wa mtu? Imani za kishirikina katika klabu zinazofungwa

TIMU ikifungwa mechi moja, lawama humwendea mwamuzi. Ikifungwa ya pili, humwendea kipa. Ikifika ya tano bila ushindi, lawama hutoka nje ya uwanja kabisa. Wanachama huanza kuulizana nani kafukia nini golini, nani kaonekana usiku karibu na uwanja, na kwa nini mshambuliaji aliyekuwa akifunga hadi kwa mgongo sasa anapaisha mipira akiwa peke yake na nyavu.

Hali hiyo haichagui ukubwa wa klabu. Husikika Msimbazi na Jangwani jijini Dar es Salaam, na husikika vilevile Kifanya, kata ya Njombe iliyo upande wa barabara iendayo Songea, ambako timu za vijiji hushindania jezi, mpira au mbuzi. Tofauti kubwa huwa ni bei ya mganga.

Mkoa wa Njombe una sababu yake ya kulijadili jambo hili. Mwaka 2017 timu ya Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu Tanzania Bara kwa mara ya kwanza, pamoja na Singida United na Lipuli ya Iringa. Kwa msimu mmoja Uwanja wa Sabasaba mjini Njombe ukawapokea Simba, Yanga na Azam. Watu wa Makambako, Wanging'ombe na Kifanya, waliozoea kuzisikia timu hizo redioni, wakazitazama kwa macho yao katika baridi ya nyanda za juu. Msimu ulipomalizika Mei 2018, Njombe Mji ilikuwa imeshuka daraja.

Katika mazungumzo ya vijiweni, anguko la namna hiyo huwa halikosi maelezo ya kishirikina. Maelezo hayo si ya aina moja, na anayetaka kuyaelewa hana budi kuanza na maneno yenyewe.

Gundu, au nuksi, ni mkosi usio na mwenyewe. Umeingia tu, kama unyevu kwenye ukuta, na dawa yake ni kuoga, kufukiza ubani, kubadili jezi au kuacha kutumia mlango fulani. Kurogwa ni jambo jingine: hapo pana adui, na adui huyo ana jina hata kama halijatajwa. Laana ni nzito zaidi, kwa kuwa mwenye kulaani huaminika kuwa na haki. Ni mzee wa klabu aliyedhulumiwa, mchezaji aliyetupwa akiwa majeruhi bila kulipwa, au mganga aliyefanya kazi akanyimwa ujira wake. Laana haiishi kwa hirizi. Huisha kwa kuomba radhi na kulipa deni.

Kwa mantiki hiyo, laana ndiyo imani pekee kati ya hizo tatu inayokaribia kusema jambo la kweli kuhusu uendeshaji wa klabu. Klabu isiyolipa watu wake hufungwa, na hilo halihitaji tunguri kulithibitisha.

Shughuli hizi zina msamiati wake rasmi, au tuseme nusu rasmi. Katika klabu nyingi za Tanzania, neno "kamati ya ufundi" kwa muda mrefu limebeba maana mbili. Ya kwanza ni ile iliyoandikwa kwenye katiba. Ya pili ni kundi la watu wachache wanaopewa fedha bila stakabadhi ili washughulikie "mambo ya nje ya uwanja". Waganga wanaoajiriwa hupewa majina ya utani, na magazeti ya michezo yamewazoeza wasomaji wake jina la kalumanzila.

Kazi ya kamati hiyo huonekana zaidi kabla ya mechi kuanza. Timu hukataa kuingia kwa mlango rasmi kwa hofu ya kilichomwagwa kizingitini. Wachezaji hukataa chumba cha kubadilishia nguo na kuvalia jezi ndani ya basi. Wengine huingia uwanjani kinyumenyume, wengine huruka ukuta, na kipa hukagua milingoti kama fundi anayepokea nyumba mpya.

Itakumbukwa kuwa mapema miaka ya 2000, wakati soka la nchi lingali chini ya Chama cha Mpira wa Miguu Tanzania (FAT), Simba na Yanga zilitozwa faini kwa vitendo vya aina hiyo katika mechi iliyozikutanisha. Iliripotiwa kuwa upande wa Simba ulimwaga unga na kuvunja mayai uwanjani, na wachezaji wawili wa Yanga wakakojoa uwanjani ili kuizimua dawa hiyo. Umma ulicheka. Lakini hizo ndizo klabu mbili zenye mashabiki wengi kuliko zote nchini, na vijana wa vijijini huiga kwao mtindo wa kunyoa, mtindo wa kushangilia na mengine pia.

Miaka ikapita, mashindano yakakua, mambo hayakubadilika sana. Aprili 2022 Simba ilikwenda Afrika Kusini kurudiana na Orlando Pirates katika robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kabla ya mechi, moto uliwashwa katikati ya uwanja na watu wa Simba. Shirikisho la Soka Afrika (CAF) likaitoza klabu hiyo faini. Katika mchezo wenyewe Simba ilifungwa bao 1-0, matokeo ya jumla yakawa 1-1, na ikatolewa kwa penalti 4-3.

Turudi kusini. Timu iliyoshuka pamoja na Njombe Mji mwaka 2018 ilikuwa Majimaji ya Songea, klabu kongwe iliyowahi kuwa bingwa wa Muungano. Jina lake limetoka katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, ambamo wapiganaji waliaminishwa kuwa dawa ya maji iliyoanzia kwa Kinjeketile Ngwale huko Ngarambe ingezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Vita hivyo vilifika hadi kwa Wabena, katika nchi ambayo leo ni Njombe. Dawa haikufanya kazi. Njaa iliyofuata, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, iliua watu wengi kuliko risasi.

Si kwamba walioamini maji yale walikuwa wajinga. Imani hiyo iliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana upande mmoja, na mtu anayeamini kuwa analindwa husonga mbele kwa ujasiri. Hata uwanjani, mchezaji aliyefungwa hirizi na kuambiwa kuwa leo hagusiki anaweza kucheza bila woga. Tatizo huanza anapoguswa.

Kenya wanao mfano unaokaribiana na huo. Gor Mahia, klabu iliyoanzishwa mwaka 1968, imechukua jina la mganga mashuhuri wa Waluo. Ni klabu iliyotwaa Kombe la Washindi Afrika mwaka 1987, jambo ambalo hakuna klabu nyingine ya Kenya imewahi kulifanya. Lakini baada ya ubingwa wa ligi wa 1995 ilikaa miaka 18 bila kuupata tena, hadi 2013, jina la mganga likiwa kifuani muda wote huo.

Kwa nini basi waganga hawakosi ushahidi? Jibu moja ni la wakati. Mganga haitwi timu inaposhinda. Huitwa siku timu iko chini kabisa, imefungwa mechi sita mfululizo na mashabiki wamezomea hadi sauti zimekauka. Timu ya namna hiyo mara nyingi itapata japo sare katika mechi ya saba au ya nane, mganga awepo asiwepo, kwa kuwa ni nadra mno timu kufungwa milele. Sare ikija, sifa ni za mganga. Isipokuja, inaelezwa kuwa masharti yalivunjwa: kuna mchezaji alikula pilipili, au alilala nje ya kambi.

Jibu la pili ni la hesabu nyepesi zaidi. Katika mechi ya watani wa jadi kila upande una mtaalamu wake. Mmoja akishinda, mtaalamu wake atatajwa kwa miaka kumi, na aliyeshindwa hatatajwa. Vivyo hivyo kwenye msimamo wa ligi. Ligi ya 2017/18 ilikuwa na timu 16, na kanuni ilitaka mbili zishuke. Hata kama zote 16 zingefanyiwa zindiko na mganga mmoja, mbili zingeshuka.

Klabu tajiri za Ulaya nazo hazijaepuka hesabu hizo. Benfica ya Ureno inadaiwa kulaaniwa na kocha wake Béla Guttmann, aliyeondoka mwaka 1962 baada ya kutwaa Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo na kunyimwa nyongeza ya malipo. Inasemekana alitamka kuwa klabu hiyo isingetwaa ubingwa wa Ulaya kwa miaka 100. Tangu hapo Benfica imepoteza fainali nane za Ulaya, ya mwisho ikiwa ya 2014. Eusébio, nyota wa klabu hiyo mzaliwa wa Msumbiji, alikwenda kuomba kwenye kaburi la kocha huyo jijini Vienna kabla ya fainali ya 1990, na Benfica ikafungwa na AC Milan. Wanaoihesabu laana hiyo huhesabu fainali zilizopotea. Hawahesabu kwamba timu yenye laana imefika fainali nane, idadi ambayo klabu nyingi zisizo na laana huiota tu.

Barani Afrika, kisa kinachotajwa sana ni cha Ivory Coast. Ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1992, kisha waganga wa kijiji cha Akradio wakadai kuwa serikali haikuwalipa walichoahidiwa. Miaka kumi ya ukame ikafuata. Mwaka 2002 waziri wa ulinzi, Moïse Lida Kouassi, alikwenda kijijini hapo kuomba radhi, akiwa na fedha na chupa ya pombe. Kombe lilirudi mwaka 2015. Kati ya radhi na kombe nchi hiyo ilipoteza fainali mbili kwa penalti, 2006 na 2012, ikiwa na kizazi cha kina Didier Drogba.

Visa hivi husimuliwa kwa kicheko, na vingi vinastahili kicheko. Lakini kurogwa, tofauti na gundu, kunadai mchawi. Na mchawi wa timu inayofungwa mara nyingi hatafutwi kwa wapinzani. Hutafutwa ndani ya kambi: kipa aliyeachia mpira mwepesi, mchezaji aliyewahi kuichezea timu pinzani, mzee anayejitenga. Kijana wa miaka 19 anaweza kuondolewa kikosini, wala hataambiwa kosa lake, kwa kuwa hakuna kosa la kumwambia.

Butembo, mashariki mwa Kongo, mambo yalifika mbali zaidi. Septemba 2008, katika mechi kati ya Nyuki System na Socozaki, kipa wa timu iliyokuwa nyuma alituhumiwa kufanya uchawi uwanjani. Vurugu zikazuka, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, watu wakakimbilia milangoni. Wasiopungua 11 walikufa, wengi wao vijana.

Njombe haihitaji kukumbushwa ramli hufika wapi. Mwanzoni mwa 2019 mkoa huo ulikumbwa na mauaji ya watoto ambayo serikali iliyahusisha na imani za kishirikina za kutafuta utajiri. Miaka minne kabla, Januari 2015, serikali ilikuwa imepiga marufuku waganga wapiga ramli kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino. Mauaji hayo na unga unaomwagwa golini si jambo moja, na haitakuwa haki kuwaweka katika kapu moja mashabiki wa mpira na wauaji. Hata hivyo mpiga ramli anayeitwa kambini kumtaja "anayetuangusha" anatumia ustadi uleule anaoutumia kijijini kumtaja "aliyemuua mtoto wako".

Kuna pia suala la fedha, ambalo ndilo viongozi wa klabu ndogo hawapendi kulijadili. Kutoka Njombe hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 700 kwa basi. Hadi Kagera ni zaidi ya 1,000. Timu iliyopanda hulazimika kusafiri hivyo msimu mzima, kulipa mishahara, posho na hoteli, kisha kucheza na klabu yenye benchi ghali kuliko kikosi chake chote. Tukuyu Stars ya Rungwe, jirani wa nyanda hizi, ilitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1986 mara tu baada ya kupanda, na msimu uliofuata ikashuka. Fedha ya kamati ya ufundi ile ya pili ingeweza kununua viatu au kumlipa daktari wa timu. Haikaguliwi, kwa sababu hakuna mkaguzi anayeomba stakabadhi ya mbuzi mweusi.

Wasimamizi wa ligi wamechagua kupambana na kile wanachoweza kukiona. Kamisaa wa mchezo hana kipimo cha uchawi. Anachoandika kwenye ripoti yake ni kwamba timu haikutumia mlango rasmi, kwamba watu wasiohusika waliingia uwanjani, kwamba kitu kilimwagwa au kuwashwa, na kwamba vitendo hivyo "vinaashiria" imani za kishirikina. Klabu huandikiwa barua, hulipa faini, na mechi inayofuata basi lake husimama tena mita chache nje ya geti, watu wakishuka kwanza kuangalia.