Risiti ya Upekuzi Ilivyopata Nguvu Mahakamani

Kwa miongo mingi mahakama za Tanganyika, na baadaye Tanzania, hazikujali sana askari alikipataje kielelezo. Swali lilikuwa kama kinahusiana na kesi au la. Sheria ya Ushahidi ya India, iliyotumika nchini tangu 1920 hadi Bunge lilipotunga Sheria ya Ushahidi mwaka 1967, haikuwa na kanuni ya jumla ya kukataa ushahidi kwa sababu tu upekuzi ulikiuka sheria.

Msimamo huo ulipigiwa muhuri katika kesi ya Kuruma mwana wa Kaniu, wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya. Polisi walimsimamisha njiani, wakampekua, wakadai amekutwa na risasi mbili na kisu kidogo. Kanuni za hali hiyo ziliruhusu upekuzi huo ufanywe na ofisa wa cheo cha inspekta msaidizi kwenda juu; waliompekua walikuwa chini ya hapo. Kisu chenyewe hakikuletwa mahakamani. Hata hivyo, mwaka 1954 Baraza la Privy mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa hata kwa Tanganyika, liliamua kwamba ushahidi unaohusiana na kesi hupokelewa kwa namna yoyote uliyopatikana. Adhabu ya kifo aliyokuwa amepewa Kuruma ikabaki palepale. Ni uamuzi mzito kuusoma hata leo, kwani sheria iliyovunjwa ilikuwa ya serikali yenyewe.

Mageuzi yalikuja na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, muda mfupi baada ya haki za binadamu kuingizwa katika Katiba. Kifungu cha 38 kilidai hati ya upekuzi, na mali ikichukuliwa itolewe risiti yenye saini ya mwenye nyumba na mashahidi waliokuwapo. Kifungu cha 40 kilitaka upekuzi wa hati ufanyike kati ya mawio na machweo, isipokuwa mahakama ikiruhusu saa nyingine. Kifungu cha 169 kikaipa mahakama uwezo wa kukataa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja sheria, na mzigo wa kuishawishi iupokee ukawekwa kwa anayeutaka uingie.

Mahakama ya Rufani haikuufanya uwezo huo wa kukataa ushahidi kuwa wembe unaokata kila kitu. Katika kesi ya Nyerere Nyague ilisema si kila ukiukwaji unaofuta ushahidi. Uzito wake hupimwa. Lakini katika kesi ya Paulo Maduka ilidai maandishi ya kila mkono uliopokea kielelezo, tangu kilipokamatwa hadi kinapotolewa mahakamani.

Mkoani Ruvuma, ambako Namtumbo na Tunduru zimepakana na mapori ya wanyama, masharti haya hugusa kesi za nyara za wanyamapori. Kwa meno ya tembo, Mahakama ya Rufani katika kesi ya Issa Hassan Uki ililegeza sharti la maandishi, kwa kuwa si kitu kinachobadilishwa mikononi kirahisi. Nyamapori ni jambo jingine: huoza, hivyo huorodheshwa kwenye fomu, na hakimu huamuru iteketezwe kabla ya kesi kusikilizwa. Katika kesi ya Mohamed Juma Mpakama, mwaka 2019, Mahakama hiyo ikiketi Mtwara ilisisitiza kwamba mshtakiwa lazima awepo mbele ya hakimu na asikilizwe kabla ya amri hiyo, na ikakumbusha kwamba miongozo ya polisi inataka picha zipigwe. Mpakama hakuwa amesikilizwa. Fomu ya orodha ikakosa nguvu ya kuthibitisha kosa.